Aikande aliyeirudisha treni Kisarani

Asubihi hii Mlima Meru umejitokeza wote, hauna wingu. Aikande Kaaya anatembea katikati ya reli, spana begani. Kila anapoona nati imelegea, anainama na kuikaza.

Nyuma yake ni stesheni ya Kisarani, upande wa Usa River: chumba kimoja, benchi moja, na mawaridi aliyoyaotesha kwa vijiti vilivyotupwa na shamba la maua la jirani.

Aikande, mwenye miaka 49, alizaliwa Machame akaolewa Umeruni. Alianza kama kibarua wa kufyeka majani kando ya reli, wakati treni ya abiria ilikuwa imekufa. Stesheni hakuagizwa kuifagia, lakini aliifagia.

"Thomasi, mume wangu, alikuwa ananiuliza, 'Mama Agnela, unamfagilia nani?' Namwambia, atakayekuja."

Treni ilipofufuka, ilipita Kisarani bila kusimama. Watoto waliipungia mikono, mama zao wakaendelea kubeba ndizi kichwani hadi barabara kuu.

Masika ya mwaka jana, mvua ilikesha ikinyesha. Kulipokucha, Aikande alikuta korongo limekula udongo chini ya kalvati. Reli zilikuwa zinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Alipiga simu, mtandao hakuna. Treni ilishaondoka Moshi.

Akachukua bendera nyekundu, akaikimbilia treni.

"Nilianza na viatu, nikafika bila viatu," anasema. "Nilikuwa naomba kwa Kichaga. Kiswahili kilinipotea."

Dereva wa treni hiyo, Ludovick Mushi, anakumbuka kuona kitu chekundu kwenye mvua.

"Nilidhani ni kanga imepeperushwa. Kisha nikaona chini yake kuna mtu, na hatoki njiani. Nilifunga breki zote."

Treni ilipotulia, Ludovick alishuka na kwenda naye kulitazama korongo. Kisha akasema, "Shikamoo, mama," ingawa yeye ndiye mkubwa kwa umri.

Abiria walitembea hadi Kisarani, wakajibana chumbani na kwenye benchi. Namelok, jirani yake Aikande, alileta maziwa ya moto. Wengine wakaleta ndizi za kuchemsha. Hadi njia ilipotengenezwa, jioni, wageni walikuwa wanawajua wenyeji kwa majina.

"Kila mmoja aliuliza, kwa nini treni haisimami hapa?" anasema Namelok. "Na sisi tukaenda kuuliza hivyo hivyo kwa wakubwa wa reli."

Kabla ya Krismasi jibu lilikuja. Sasa treni inasimama Kisarani, dakika chache tu, na ndizi zinapanda behewani.

Aikande anataka paa la kuwakinga abiria na mvua. Lakini kwanza ana safari: Pasaka hii atampeleka mama mkwe wake Machame, akaone alikotoka mkwewe. Bibi huyo hajawahi kupanda treni.

"Ana wasiwasi na magoti yake. Ananiuliza kama itamngoja," anasema Aikande. "Nimemwambia, mama, panda taratibu. Hii stesheni ni ya kwetu."