Gurudumu la Nane

Mtaa mzima ulibaki kinywa wazi. Fundi viatu, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, na kitambi chake na mvi zake, kavaa viatu vya magurudumu anateleza barabarani! Makubwa haya. Wengine walisema kichwa kimeanza kumchezea. Yeye wala hakujali. Viatu alivishona mwenyewe, magurudumu manne kila kimoja, na safari aliipanga mwenyewe: kilomita mia sita, mji hadi mji, kuwaeleza watu usonji ni kitu gani.

Bintiye wa pekee, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alikuwa na usonji. Hajawahi kutamka neno. Shule tatu zilimkataa, na mwalimu mkuu wa ile ya tatu alisema bila haya, "Huyu hana analolijua, Fundi. Kaa naye nyumbani, usijisumbue." Hapo ndipo fundi alipowaka. Aliapa nchi nzima itamsikia, na kila aliposimama alisema lile lile: "Watoto hawa wanasema. Nyinyi ndio mmetia pamba masikioni."

Nyuma yake lilimfuata gari dogo la mizigo lililoendeshwa na dada yake, mwanamke ambaye mdomo wake haujui likizo. Binti alikaa kando ya shangazi. Kila asubuhi baba alifungua magurudumu ayafute vumbi, na binti aliyachukua moja moja, akayazungusha kwa kidole karibu na sikio, kisha akayapanga mstari. "Mchezo wake huo," baba alisema, kwa mapenzi kabisa.

Siku ya tisa mstari ulikuwa na magurudumu saba. La nane lilipatikana ndani ya kiatu cha shangazi.

"Haya, vituko vimeanza," fundi alisema, akalichukua akalifunga mahali pake. Binti akaling'ang'ania. Baba akambandua vidole. Binti akalirudia, safari hii akipiga mayowe, na fundi, ambaye hakuwahi kumkaripia maishani, akafoka, "Wewe! Acha! Watu wananisubiri!"

"Kaka, si umwangalie kwanza?"

"Nimwangalie nini? Washa gari."

Kwenye mteremko wa kwanza gurudumu lile likakwama. Ghafla tu, kwa mkupuo mmoja. Fundi alirushwa, akabingirika hadi mtaroni, na lori la saruji likapita pale pale alipokuwa sekunde mbili kabla. Mkono wa kushoto ulivunjika.

Dada alishuka mbio, analia na kutukana kwa pamoja. Fundi hakumsikia. Alikuwa ameling'oa gurudumu, kalisogeza sikioni, analizungusha kwa kidole gumba. Gololi za ndani zilikuwa zimesagika. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, krr, krr, kama mchanga kwenye meno. Kila asubuhi alikuwa nalo mkononi, na siku zote hizo hakuwahi kulitegea sikio.

"Alikwambia," dada alisema. "Mtoto alikwambia, kaka."

Maumivu ya mkono fundi aliyasahau, maana kuna kitu kingine kilichomjia: kopo. Kule kibandani kwake uani nyumbani, chini ya meza ya kazi, kulikuwa na kopo la rangi ambamo binti alitupia vitu kwa miaka minne. Sindano za cherehani, misumari, vifungo vya mikanda. Fundi akiishiwa sindano alichovya mkono humo akajichukulia, huku akicheka, na sindano ikikatika katikati ya ngozi ya kiatu alimlaani mwenye duka aliyemuuzia. Mungu wangu. Sindano zote zile, kumbe mtoto alikuwa akizitenga mbovu!

Mchana ule umati ulikuwa tayari uwanjani. Alipanda jukwaani na plasta mbichi, akashika kipaza sauti. "Watoto hawa wanasema," akaanza, akaishia hapo. Aliwatazama, kisha akamtazama binti yake aliyekaa garini, anazungusha magurudumu saba.

"Mwenye pamba masikioni ni mimi," akasema, akashuka.

Pale pale kwenye ngazi za jukwaa alimpigia simu mkewe aliyebaki nyumbani.

"Mke wangu, lile kopo chini ya meza yangu. Usije ukalimwaga."

"Lile la takataka?"

"Si takataka." Akamweleza yote, gurudumu, mteremko, lori. "Humo ndimo mwanao alimokuwa akitusemesha."

Fundi alisikia kopo likiburutwa sakafuni, kisha mlio wa vyuma vikichakurwa.

"Baba yake," mama akasema, "limejaa."