Jeneza la Mzungu Aliyekuwa Hai

Shule niliiacha darasa la tatu, na leo nina karakana tatu Huruma na nyumba ya mawe Kiplombe. Nasema hivi wewe unayeandika ujue kwamba anayekueleza si mtu wa kushtuka ovyo. Majeneza nimetengeneza mpaka nikaacha kuhesabu. Ni moja tu lililonitoa jasho baridi.

Ilikuwa miaka ile ya chama kimoja. Wazungu wa filamu walikuja kupiga picha msitu wa Kaptagat, wakauliza mjini fundi bora wa mbao ni nani, wakaletwa kwangu. Hapo hakuna aliyedanganya. Walitaka jeneza la mbao za saiprasi, na atakayelala ndani aje apimwe mwenyewe.

Sasa, sisi mafundi tulikuwa na mwiko wetu: aliye hai hapimwi. Ndugu wa marehemu hukuletea kamba iliyokatwa kwa urefu wa mwili, na kazi ikiisha kamba inawekwa ndani ya jeneza, isibaki karakana. Wafanyakazi wangu wawili, kusikia mzungu atapimwa akipumua, walienda kunywa chai na hawakurudi siku hiyo. Chifu naye alikuja kuuliza jeneza ni la nani, maana wakati ule jeneza lisilo na maiti lingeweza kuonekana ni siasa. Nikamwonyesha kibali cha filamu chenye muhuri. Akakisoma mara mbili, akaondoka bila kuaga.

Muigizaji mwenyewe alikuwa Mskoti, mwembamba, uso kama umechongwa kwa patasi, kifua kikipiga filimbi kwa sababu ya sigara. Kiswahili alikiokota akiwa askari Nanyuki, zamani. Alijilaza juu ya meza yangu bila kuambiwa.

"Pima tu, fundi," akasema. "Mimi nakufa mingi sana."

Nikipima, akanieleza maisha yake, macho yake kwenye mabati ya paa. Alizaliwa karibu na mahali wanapounda meli, baba yake fundi wa vyuma. Kazi ya kwanza ilikuwa kufagia jumba la maigizo. Jioni moja mwigizaji mmoja akaugua, yeye akasukumwa jukwaani awe maiti, na watu wakampigia makofi. Basi kwa miaka thelathini, jukwaani na kwenye filamu, wakawa wanampa kufa: mfalme wa kutiliwa sumu, mwizi wa kunyongwa, nahodha wa kuzama. Jukwaani alikufa kila jioni, na Jumamosi mara mbili.

Nikamwuliza kwa utani anafanyaje. Akasema hajawahi kubuni kifo hata kimoja. Mfalme alikufa kama baba yake, mwizi kama askari mwenzake, nahodha kama mke wake, mkono ukijikunja polepole kwenye shuka. Wote alikaa kando yao akawatazama.

"Lakini hii ya Kaptagat," akasema, "mimi hapana na mtu. Watu yangu imekwisha."

Siku ya picha kulikuwa na ukungu mchana kutwa. Mwongozaji alitaka misumari ya kweli na mikono ya fundi wa kweli, kwa hivyo mikono yangu hii imeonekana mpaka Ulaya, wewe andika hapo. Tulipatana kwamba Mskoti akikosa hewa humo ndani atagonga mara tatu kwa pete yake. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Nikapiga misumari sita, wabebaji wakainua, mimi nikafuata nyuma.

Mara wakasimamishwa wangoje ukungu upungue. Nikaweka sikio kwenye ubao.

Nilisikia pumzi. Lakini haikuwa ile ya filimbi. Ilikuwa nzito, ya chini, ya mtu mnene aliyelala usingizi mzuri. Nikangoja pete. Hakuna. Nikaenda kwa mwongozaji, dereva wake akitafsiri, nikamwambia tufungue.

"Anauliza, anapumua?" dereva akasema.

"Anapumua."

"Anasema, kama anapumua, shida ni nini?"

Nikarudi, nikawaambia wabebaji washushe, nikaingiza mtaimbo chini ya kifuniko. Mwongozaji akapiga kelele. Ubao ukapasuka.

Alikuwa amelala macho wazi, midomo imegeuka rangi. Kifua hakikusogea hata kidogo. Nikampiga hapo kwa kiganja, mara moja, mara mbili. Ya tatu akavuta hewa, ile filimbi ikarudi, akanishika mkono mpaka kucha zikaingia.

"Fundi, mimi nilishika pumzi kutoka msumari ya kwanza," akasema polepole. "Nilitaka kugonga, mkono ilikataa. Wewe ilisikia yeye?"

Nikasema nilimsikia.

Mwongozaji alitaka turudie. Mskoti akatoka, akakaa kwenye nyasi akiwa amevaa ile suti ya maiti, akasema hapana. Mwishowe wakajaza jeneza mawe ya mtoni badala yake. Nikaunga kifuniko kwa ubao mwingine, nikaanza kupiga misumari tena. Yeye akaja kusimama nyuma yangu, ameshika shati langu kama mtoto.

Akaniuliza kama nimepiga yote. Nikasema yote. Akaniomba niongeze mmoja.

Nikaongeza miwili.