Nilimwambia Mgeni Hatuna Shida, Dakhalia Ikafungwa

Hebu nambieni, nyie mnaosoma: nani kati yenu kamwita mjukuu wake muongo mbele ya mgeni, na huku muongo ni yeye mwenyewe?

Haya, nyamazeni. Ntajibu mimi. Ni mimi!

Nakaa juu milimani, Dima wa Tayyin, mbali na Maskati, kijiji cha nyumba chache na mbuzi wengi. Unguja nilitoka msichana, na skuli hata miaka miwili sikutimiza, basi maneno yangu msiyahukumu. Hukumuni nililofanya, hilo linatosha.

Mjukuu wangu tumwite Maryamu. Yuko mwaka wa pili chuo cha serikali, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa gari, na njia yenyewe inapita wadi, mto mkavu, mvua ikinyesha unajaa, hapiti mtu. Ndo maana yeye na wasichana wengine watano wa huku juu walikuwa wanalala dakhalia, nyumba ya wasichana ya chuo, serikali inalipia. Baba yake, mwanangu, anafanya kazi kiwandani huko Tanuf, tunamwona Alkhamisi kwa Alkhamisi. Mshahara mmoja huo, na sisi wote nyuma yake.

Ikaja habari pesa za serikali zimepungua, chuo lazima kibane matumizi, na cha mwanzo kufungwa ni dakhalia. Wasichana wakaandika barua: jamani, baneni kwengine, hapa msibane. Aliyeandika ni Maryamu. Wakubwa wakajibu vizuri tu, wakasema tutamtuma mtu aende majumbani, aone hali, asikie wazee wenyewe.

Na nyumba ya mwanzo kutembelewa ipi? Yangu!

Maryamu akanikalisha chini. "Bibi, maneno matatu tu. Dakhalia ikifungwa sina pa kulala. Gari hatuna. Ntaacha chuo. Haya, yarudie."

Nkayarudia.

"Tena, Bibi."

"We mtoto, mimi kasuku?"

Akacheka. Wallahi alicheka mpaka akaniegemea. Hakujua anamwegemea nani!

Sasa sikilizeni nilivyoharibu. Siku moja kabla nkasikia mgeni mwenyewe mwanamke, tena wa kwetu, mama yake mtu wa Unguja, Kiswahili anasema kama maji. Lo! Moyo ukanipasuka. Sisi tulotoka Afrika si mnatujua? Tumetawanyika, huyu Sur, huyu Nizwa, huyu Maskati, lakini neno likisemwa harusini asubuhi, jioni wote wanalo. Nkajiona nishafika midomoni mwa watu: fulani binti fulani, masikini, ana dhiki huko jabalini.

Na mimi nimelelewa hivo. Marehemu mama akisikia hodi na sisi hatujala, alikuwa anatupaka samli midomoni ili mgeni aone tumeshiba. Matumbo yanalia, midomo inang'aa!

Basi nkaazima. Zulia kwa jirani yangu Bi Zuwena. Bangili za dhahabu kwa Bi Zuwena huyohuyo, wala hakuniuliza za nini. Halwa nkaagizia Ibra, ile nyeusi ya zafarani na lozi, ukiitia mdomoni unasahau jina lako. Na kubwa kuliko yote, mpwa wangu Saidi anawaendesha watalii kwenye kambi za jangwani, Al Mintirib, ana Landkruza jeupe, la kazini si lake. Nkampigia simu.

"Mwanangu, njoo uniwekee gari mlangoni, saa moja tu."

"Kuna harusi, shangazi?"

"Kuna heshima!"

Maryamu akatokea jikoni na birika la kahawa, akaona zulia, akaona mikono yangu, akachungulia dirishani.

"Bibi. Gari ya nani ile?"

"Nyamaza, mgeni huyo anaingia."

Akaingia. Uso mwema, daftari mkononi. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu, karibu, mashallah!" Nkamlisha halwa, nkammiminia kahawa mpaka akatingisha kikombe kwamba basi. Tukaulizana habari kwa desturi ya hapa. Habari? Kheri. Hakuna jambo? Hakuna ila kheri. Hayo kila mtu anajibu hivo hivo, hata jiko linaungua. Ningekomea hapo nisingekuwa na kosa.

Akafungua daftari. "Bibi, ile ilikuwa desturi. Sasa nakuuliza kwa kazi. Dakhalia ikifungwa, huyu binti mtamfanyaje?"

Maryamu akanitazama. Maneno matatu! Ninayo kinywani, nayasikia yanavyotaka kutoka. Nkaitazama bangili. Nkamtazama mgeni, nkamwona na harusi zote atakazokwenda.

"Sisi hatushindwi, mwanangu. Gari hiyo nje si umeiona?"

"Kwa hivo mnaweza kumpeleka na kumrudisha?"

"Kila siku! Na wenziwe tutawabeba."

Ya Rabbi! Na wenziwe! Nani kaniuliza wenziwe?

"Bibi," Maryamu akasema, "gari si yetu."

Mgeni akainua kalamu, akatutazama mmoja mmoja. Nawaambieni, mlango ulikuwa bado wazi. Neno moja tu, ningesema kweli mtoto, si yetu, yangeisha pale.

Nkacheka! Nkampiga mtoto begani. "Usimsikilize, muongo huyu. Anaona haya watu wakijua tunacho."

Mgeni naye akacheka. Akaandika. Maryamu akanyanyuka, akachukua vikombe, akatoka nje, hakurudi mpaka gari ya Saidi imeondoka.

Wiki chache baadaye jawabu likaja: jamaa za milimani uwezo wanao, usafiri wanao. Dakhalia ikafungwa.

Wasichana sita. Wawili walikuwa na jamaa mjini, wakahamia huko. Wanne wakarudi nyumbani na mabegi yao, Maryamu mmojawapo. Mwengine Shekha, binti wa mfugaji wa bonde la pili, ndo hodari wao wote, alitaka kuwa mwalimu wa hesabu. Sasa anapanda jabali na mbuzi wa baba yake, na watu washaanza kuja kumposa. Mama yake tulikutana kwenye msiba. Hakunitukana. Alinisogezea nikae, akanambia, "Bibi, nasikia nyie mna gari." Basi. Chakula cha msibani nkakiacha sahanini!

Na Maryamu? Alikuwa kila akiamka ananishika mkono, shikamoo, Bibi. Aliacha. Ananipa sabahilkheri kama anayompa mwenye duka. Kwa siku nyingi, nyumba moja, sahani moja, mimi na sabahilkheri yangu!

Nikavumilia, nikashindwa. Nkasikia kuna mkutano kwenye ukumbi wa wilaya, wazee wa wanafunzi wanataka kusema kuhusu pesa za chuo za mwaka ujao, na yule bibi wa daftari atakuwepo. Nkamrudishia Bi Zuwena bangili zake, maana nilikuwa bado nazo, aibu juu ya aibu. Nkavaa nguo yangu ya kila siku. Nkapanda pikapu ya mbuzi ya mwanawe Bi Zuwena, nkamwambia Maryamu, "Twende."

"Wapi?"

"Ukanisikie."

Ukumbi umejaa. Zamu ya wanawake ilipofika nkasimama kabla sijaitwa.

"Mimi ndo mwenye lile Landkruza," nkasema. "Si langu! Zulia la kuazima, dhahabu ya kuazima. Kilichokuwa changu ni halwa na uongo. Aliyesema kweli ni mtoto huyu, na mimi nkamwita muongo."

Wengine wakacheka, wengine wakainama. Yule bibi wa daftari akaweka mkono mdomoni. Mimi nshaanza, sinyamazi tena.

"Mnasema pesa zimepungua. Sawa, hata mimi mchele hunipungua. Ukipungua napunguza sahani ya wageni, najipunguzia mwenyewe. Simnyang'anyi mtoto anayekua! Nyie mmeanza na sahani ya mtoto. Tena mmeanza kwa ajili yangu, nilompaka mtoto samli mdomoni mkaona kashiba. Futeni lile neno langu!"

Wakayaandika upya maneno yangu. Barua ya pili ikaandikwa palepale, wazee wa wasichana wote sita wakatia sahihi, mimi nkatia kidole gumba. Jawabu bado. Wanasema wanaangalia. Kila simu ikilia naruka. Shekha bado yuko na mbuzi, na posa ya watu wale haijajibiwa, wanasubiri kama sisi tunavyosubiri. Kama jawabu litachelewa, mtoto wa watu kaolewa, na mimi ndo mshenga!

Nyie mabibi wenzangu, na kina mama, na kina baba mnaokaa barazani kifua mbele: mtu akija kuuliza hali kwa kazi, mwambieni hali. Mwacheni akaiseme harusini, maneno ya harusini yanaisha na pilau. Mtoto akiacha chuo haishi hiyo, mnaamka nayo kila asubuhi.

Siku tuliyorudi kutoka ukumbini, kwenye pikapu, kelele za mbuzi nyuma, Maryamu alinishika mkono. "Shikamoo, Bibi." Nkalia kama mtoto, hata marahaba ilichelewa kutoka.

Haya yote kayaandika yeye, mimi nasema yeye anaandika. Nilipofika pale pa kumwita muongo nkamwambia, mjukuu wangu, hapa punguza kidogo, watu watanionaje? Akaweka kalamu chini. Akaniahidi, kwa haki ya mkono wangu alioushika, kwamba ataandika kila neno kama lilivyotoka, na hatonipaka samli.