Nilivyotafuta geto karibu na shule ya boma Songea, mtaa mzima ukakana nyumba zake

Wakuu wa baraza hili, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo tuvumiliane.

Naleta kisa changu mwenyewe, cha enzi za Mjerumani hapa Songea, vita vya Maji Maji vikiwa vimeisha juzi juzi tu. Si chai. Anayetaka chai akatafute sukari.

Mimi ni Myao wa Tunduru. Nilichaguliwa kuingia shule ya boma kusomea ukarani. Nikafika na mkeka, kanzu mbili, na kiburi cha mtu anayejua kuandika jina lake.

Shida ikawa pa kulala. Shule haikuwa na bweni.

Mwalimu wetu, mtu wa pwani mwenye kofia safi kuliko roho yake, akaniambia: "Ikifika Ijumaa huna mwenyeji, nafasi yako nampa mwingine."

Na siku hizo kijana asiye na shule wala mwenyeji akionekana njiani, alikamatwa akatwishwa mizigo ya serikali mpaka pwani. Kwa hiyo ilikuwa geto, au kichwa kichubuke.

Nikaanza kuzunguka mtaa wa chini ya boma. Nyumba nyingi zilichomwa vitani, zilizobaki zilikuwa za kuhesabu.

Kwa kuwa mimi ni msomi (chekeni taratibu), nilibeba karatasi na kalamu. Kila nyumba nasimama, natazama paa, nauliza mwenyewe ni nani, vyumba vingapi, wanaume wangapi wanalala humo. Naandika.

Wallahi nilitaka tu kujua kama kuna nafasi ya mkeka wangu.

Wakuu, sijawahi kukutana na watu waongo namna ile!

Nyumba ya kwanza, mama anafagia uwanja huku akiniapia kwamba hapo hapakai mtu. Ya pili nikaambiwa ni ghala la mahindi. Ghala lenyewe lilikuwa linakohoa.

Ya tatu ilikuwa ya Mzee Ngonyani, mvi kichwa kizima lakini mgongo umenyooka. Nikampa shikamoo, akaitikia vizuri kabisa. Nikauliza chumba.

"Mwanangu, hili ni banda la mbuzi."

"Mbona naona kitanda, baba?"

"Mbuzi wangu anaumwa."

Mbuzi wa mtaa ule walishaliwa na askari wakati wa vita, hakubaki hata mmoja, na kila mtu alijua. Nikaandika kwa hasira: Ngonyani, vyumba viwili, mwanaume mmoja, ana nguvu, mwongo.

Alhamisi nikaenda kushtaki kwa mwalimu. Nikamkabidhi karatasi: watu hawa wana nafasi, wanatunyima wanafunzi kwa roho mbaya tu.

Akaisoma mara mbili. Akausifu mwandiko wangu. Nikatoka pale nimevimba kichwa.

Ijumaa asubuhi askari wakashuka mtaani na karatasi ile ile. Hawakuwa na haja ya kuuliza kitu, walikuwa wanaita majina tu. Wanaume wote niliowaandika wakafungwa kamba kwenda kuchonga barabara ya kuelekea Namtumbo.

Mwalimu akanipiga bega mbele ya watu. "Haya, nyumba imepatikana. Hamia kwa Ngonyani."

Mzee alikuwa hatua tatu kutoka pale, kamba shingoni, amesikia kila neno. Nilitamani anitukane.

Akasema, "Mlango haufungi vizuri. Usukume kwa bega."

Nilihamia siku hiyo hiyo. Nikalala kwenye kitanda chake, nikasoma, nikafaulu, nikawa karani. Yeye hakurudi.

Niliwaita waongo, kumbe mtaa mzima ulishaelewa karatasi ni kitu gani, asiyeelewa ni msomi peke yake. Naona aibu mpaka leo, na sitafuti wa kunifariji.

Funzo: ukitafuta chumba, uliza kwa mdomo. Mtu akikwambia nyumba yake ni banda, mshukuru, pita zako. Anajua anachokikimbia kuliko wewe.

Uwanja ni wenu sasa. Mliowahi kupata geto kirahisi, tuelezeni aliyekuwemo kabla yenu alikwenda wapi.

Ila majina ya watu msiyaandike humu.