Kitenge cha Mlangoni

Constance hajui kukaa. Hata kanisani, wenzake wakisikiliza mahubiri, yeye yuko nyuma anapanga mabenchi yaliyokwisha kupangwa. Alitoka Fizi, Kongo, miaka tisa iliyopita, akauza ndagaa hapo kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwisho akapata kazi ya kuwafundisha watoto wenye ulemavu kwenye kituo kimoja cha mabati. Huko ndiko alikokutana na Bella, binti wa miaka kumi asiyesema.

Kwa miezi minne alimfundisha Bella kwenda choo peke yake. Choo cha kituo hakikuwa na mlango, basi Constance akatundika kitenge chake kizuri kuliko vyote, cha buluu chenye ndege wa njano. Nusu yake akaitundika kwenye choo cha nyumbani kwa akina Bella. Mtoto akashika somo. Wageni wakaletwa kutazama, na Constance, tusifichane, akavimba kichwa.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Mama yake Bella, Godeberthe, mkulima kutoka Burundi, kila akienda shambani alimfungia binti yake ndani kwa kufuli. Hakuwa mkatili, hakuwa na wa kumwachia. Sasa shule moja ya bweni kule Nyamitanga, Mbarara, ilikuwa tayari kumpokea Bella, mradi ajue kwenda choo mwenyewe.

Siku ya kupimwa huko shuleni, mwalimu mkuu Musoni alimwonyesha Bella mlango wa kijani wa choo. Bella akautazama kama ukuta. Kwenye benchi alikuwa ameketi mzazi mmoja, na balaa gani, amejifunga kitenge kilekile cha buluu chenye ndege wa njano. Bella akamwendea mbio, akashika upindo, akaufunua kama pazia, akachuchumaa. Yule mama akapiga yowe. Bella akalowa palepale.

"Nyabo, mama yangu," Musoni alimwambia Constance taratibu, "hapa hakuna mtu ya kumusafisha. Wewe rudi wiki tatu. Akishindwa tena, basi."

Constance alitamani ardhi ipasuke.

"Mimi ni mujinga," alimwambia Godeberthe walipofika nyumbani. "Sikumufundisha choo. Nilimufundisha kitenge!"

"Na mahindi yananingoja," Godeberthe alijibu bila kumtazama. "Wakimukataa, nitafanya nini? Nitamufungia tu."

Kesho yake Constance akachukua mkasi. Kila baada ya siku mbili alikikata kitenge kikawa kifupi zaidi, na moyo ulimuuma, maana alikivaa harusini kwa dada yake. Kisha akamshika Bella mkono wakaanza kuzunguka vyoo vya watu: cha turubai, cha mabati, cha mbao. Jirani yake Baudouin alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Constance, hata bakubwa ba kambi habajatembelea byoo mingi hivi!"

"Cheka tu," alisema Constance. "Kwako tutarudia mara tatu."

Kwake walirudia mara saba. Siku nyingine Bella aliweza vyoo viwili, siku nyingine akagoma kabisa, akalala chini analia. Constance hakula vizuri wala hakulala. Kitenge kikabaki kipande cha kiganja, kikabaki uzi kwenye msumari, ukabaki msumari.

Wiki tatu zikaisha. Mlango ulikuwa uleule wa kijani. Bella akasimama mbele yake, akakaza mapaja, asisogee. Constance alikuwa amekuja na kile kipande cha kiganja alichokikata mwisho, amekificha ndani ya ngumi. Musoni alikuwa akisoma simu yake. Kukitundika kwenye kitasa kungekuwa kufumba na kufumbua. Mguu wake mmoja ulishatangulia. Lakini Jumatatu nani atakitundika? Na Jumanne?

Basi Constance akakaa. Alikaa kwenye benchi, akaikalia mikono yake yote miwili, akimtukana Bella na kumwombea kwa pumzi moja.

Bella akaunusa mlango. Akausukuma kwa bega. Akaingia, akaufunga nyuma yake, na wote wawili nje wakasikia komeo likisukumwa.

Siku Bella alipohamia bweni, Godeberthe aling'oa kufuli mlangoni pake. Alilishika kitambo mkononi, kisha akaenda kulifunga kwenye banda la mbuzi.