Nilitaka watoto wapende vichekesho vya zamani, baba mkwe akanikuta na mimba

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii sijatunga. Mke wangu naye ni member humu, nikiongeza chumvi atanianika.

Naishi Mkiwa, nina watoto wawili, wa miaka tisa na sita. Hao kicheko chao ni video za sekunde kumi kwenye simu, mtu anateleza, basi.

Roho iliniuma. Sisi vichekesho vya tivii tulivifuata kwa jirani mwenye betri ya gari, tunakaa chini kwenye vumbi!

Nikatafuta flashi yenye vichekesho vile vya zamani. Jumapili mchana nikawakalisha mbele ya tivii.

Kipande cha kwanza, mwanaume anajifanya mjamzito ili asiende kulima alizeti. Mimi machozi yananitoka kwa kucheka. Mdogo akauliza, "Baba, inaisha saa ngapi?"

Dah.

Mara umeme ukakatika. Sikukubali kushindwa. Nikavaa dera la mama yao, mto tumboni, kitambaa kichwani, nikamalizia mwenyewe. Naugulia mgongo, naagiza udongo wa kutafuna.

Hapo ndipo watoto walipocheka, mkubwa mpaka akagaragara.

Sasa mlango ulikuwa wazi. Nageuka, baba mkwe huyu hapa, katoka Sepuka bila taarifa, kuku mkononi.

Wenye wakwe wa huku mnanielewa. Mbele ya mkwe hata kikohozi unakimeza. Na huyu mzee siku ya posa alisema ananiona mtu wa mchezo mchezo. Miaka kumi napambana kumwonyesha siyo. Hajawahi kucheka na mimi hata siku moja.

Nikainama, mto ukachomoka, nikaudaka. "Shikamoo baba." Sauti ikatoka ileile ya mjamzito!

"Marahaba."

Akakaa. Akanitazama juu mpaka chini. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mimba ina miezi mingapi?"

"Saba, baba."

"Basi pokea kuku huyu, unywe supu upate nguvu."

Akaangua kicheko mpaka akapaliwa. Wakuu, nilifurahi kuliko siku niliyooa.

Nilichojifunza: watoto ile flashi hawakuihitaji, walimtaka baba yao. Na kununa siyo heshima, mimi nimenuna miaka kumi bure.

Nyie wakwe zenu waliwahi kuwafuma mkifanya nini? Mwageni hapa tucheke wote.

Jana mzee kapiga simu kwa binti yake, akaomba nipewe mimi.

"Mkwe, umeshajifungua?"