Albamu Zote Mbovu, Mashua Zote Nzima

Mimi kelele sizipendi, na nilisema tangu mwanzo. Rashad, mtoto wa kaka yangu Shuaibu, alipoanza kusikiliza roki nzito, zile nyimbo za magitaa yanayonguruma na mwanamume anayepiga ukelele kama aliyebanwa kidole na mlango, nilimwambia kwamba mtu mwenye akili zake hanunui bando ili aje kutukanwa kwa lugha asiyoijua. Akacheka. "Eddo," akaniambia, "hawa wachu hawatukani. Wanalia." Eddo ndivyo watoto wa Kismayo wanavyomwita shangazi. Ni Kisomali, lakini kwetu kimeshakuwa chetu; na wachu ni watu, kwa Kiswahili chetu cha visiwani.

Alikuwa hana mzaha na nyimbo zake. Binamu yake Ghalib, ambaye wazazi wake walikimbilia Mombasa siku za vita wasirudi tena, alikuwa amefungua kundi la wapenda roki kwenye simu. Kila albamu mpya ilipotoka, kundi zima lilingoja Rashad aseme neno. Alikuwa na miaka kumi na saba, ndevu hana, na vijana wa Mombasa na Nairobi wakimngoja! Akikaa kizingitini jioni baada ya kazi, akisema na simu, nami nakaanga bajia zangu za kuuza. Nilikuwa nasikiliza, ndiyo. Nyumba yetu ina vyumba viwili, ningekwenda wapi?

Majina ya bendi hayakai kinywani mwangu, kwa hiyo niliwajua kwa nchi zao. Wabrazili aliwapenda. "Mpiga ngoma wao anapiga kama anadai haki yake," alisema, "na gitaa linamjibu, halimkimbii." Wajerumani aliwasifu nyimbo nne za mwanzo, akazitoa maanani zilizobaki. "Wameshakula, wameshapata jina, sasa wanapiga wakiwa wamelala." Waamerika fulani aliwamaliza kwa neno moja: "Inavuja." Na albamu ikimridhisha kabisa, aliipa sifa kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. "Imeshiba."

Maneno hayo hayakutoka kwenye muziki. Yalitoka kwa baba yake.

Shuaibu ni fundi wa vyombo. Sisi ni watu wa kisiwa cha Chovae, tulihamia huku mjini Rashad akiwa bado anabebwa, na kazi aliyokuja nayo kaka yangu ni kukalafati: kupigilia pamba yenye mafuta katika mianya ya mbao, kwa chembeu butu na nyundo, ili bahari ibaki nje. Chombo kikisha kukalafatiwa hakishushwi majini mpaka kigongwe. Mtu anakizunguka chote, anagonga kila mwanya kwa mpini wa nyundo, sikio karibu na ubao. Mwanya uliojaa pamba hujibu kwa sauti nzito, fupi. Mwanya wenye tundu hutoa kisauti chembamba, cha juu, ambacho mtu asiye na masikio mazuri hakipati hata kidogo. Akimaliza mzunguko wake, mgongaji anasimama mbele ya mwenye chombo na kutamka: kimeshiba. Neno hilo likishatoka, ndiyo dhamana ya fundi. Hakuna karatasi wala sahihi.

Sasa nitasema jambo ambalo nyumbani kwetu tulikuwa tukilijua sisi watatu tu. Shuaibu alikuwa hasikii. Siyo kiziwi wa kupigiwa ishara, la, ukisema naye uso kwa uso anakujibu. Lakini visauti vyembamba vilikuwa vimemtoka miaka mingi, kwa kukaa ndani ya matumbo ya mashua na nyundo zikilia pande zote. Watu walidhani anamwachia mwanawe agonge ili ajifunze. Ukweli ni kwamba masikio ya kazi ile yalikuwa ya Rashad. Bila masikio yale kaka yangu hakuwa fundi, na sisi hatukuwa na chungu cha kuinjika.

Na yalikuwa masikio! Huyu mtoto aliweza kusimama mlangoni, kanipa mgongo, akaniambia, "Eddo, mafuta hayajawa tayari, usitie." Alijua kwa mlio wa bajia moja tu.

Lakini nyimbo zake alizisikiliza kwa hedifoni, na sababu ilikuwa mji wenyewe. Kuna miaka, wala haiko mbali, mtu akikutwa na nyimbo katika simu yake hapa Kismayo alikiona cha mtema kuni. Miaka hiyo imepita, ila majirani hawajaisahau, na Shuaibu ni mtu wa safu ya mbele msikitini. Ikawa kanuni ya nyumba: sauti isitoke nje ya masikio yako. Rashad akaitii. Tena aliitii mpaka kazini, ndani ya chombo, akipigilia pamba na huku Wabrazili wake wamo masikioni, sauti kaifungua hadi mwisho ili ishinde nyundo. Wakati wa kugonga alizivua, akaziweka mfukoni. Tukaona mambo sawa.

Mwaka huu ndipo alipoanza kununa. Kila albamu iliyotoka ilikuwa mbovu. Wabrazili wamezeeka, alisema. Wajerumani wamenunuliwa. Kuna bendi ya wasichana kutoka Indonesia ambayo kundi zima liliipokea kwa shangwe, yeye akaikataa kwa hasira ambayo sikuwahi kumwona nayo. "Hivi hawa mafundi wa sauti wana nini?" aliiuliza simu. "Nyimbo zote zimetiwa pamba. Matoazi hayapo! Mpiga ngoma anarusha mkono, namwona kwenye video, lakini hakuna kinacholia. Wameikalafati albamu nzima."

Ghalib akamjibu kwa upole, nami nikamsikia kwa sababu Rashad aliiweka simu sikioni na bado sauti ilijaa chumba. "Ndugu yangu, siku hizi huridhiki na lolote. Matoazi yapo tele, mbona sisi yanatutoboa masikio?"

"Ghalib ana masikio ya pweza," Rashad akaniambia. Tukacheka wote wawili, Mungu anisamehe.

Akawa mkali. Ukimwita hageuki mpaka umwite tena, nami nikadhani ni ujana, kila kiyana ana wakati wake wa kujitia uziwi. Mara mbili tatu aliniuliza, "Eddo, leo hukaangi?" na bajia zimo kwenye karai. Nikamwambia afumbue macho. Kundi nalo likaanza kumchoka. Mmoja akamwandikia kwamba yeye hana tena maoni, ana kinyongo tu, na siku ile hakula.

Katika siku hizo hizo Shuaibu alimaliza mashua ya Athmani. Athmani ni mfanyabiashara, anapeleka mchele na sukari visiwani, Kudhaa na Chovae, na mashua ile ilikuwa jasho lake la miaka. Rashad aliizunguka asubuhi, taratibu, sikio kwenye mbao, hakuruka mwanya hata mmoja. Nilikuwepo, nilipeleka chai. Akasimama mbele ya Athmani na uso ukamchanua, kwani angalau kulikuwa na kitu kimoja duniani kisicho na kasoro.

"Kimeshiba," alisema. "Wallahi baba hajapata kukalafati chombo kizuri kama hiki."

Athmani akagawa halwa. Kaka yangu alisimama kando akimtazama mwanawe, na nilijua anavyojisikia. Alikuwa anajivuna.

Siku mashua ile ilipopakiwa na kuondoka kwenda Kudhaa, ndiyo siku ilipotoka albamu ya Wafini, ambayo Rashad alikuwa akiingojea tangu mwaka juzi. Alikaa kizingitini, mgongo kwangu, akaisikiliza yote. Kisha akazing'oa hedifoni akazitupa mkekani. Machozi yalikuwa yakimlenga. "Hata hawa," akasema. "Hata hawa, Eddo, wametia pamba."

Nilitaka kumtania. Nikafuta mikono, nikaziokota, nikaziweka masikioni mwangu ili niseme leo na mimi nitoe maoni. Nusura roho initoke kwa ule mshindo. Nikataka kuzivua, lakini juu ya mshindo nikasikia kitu ninachokijua tangu utotoni, tangu maulidi za Chovae. Matoazi, makali, yanachirizika, yamejaa wimbo mzima.

"Haya si matoazi haya?" nikamuuliza.

"Wapi?"

Nikamrudishia. Akafumba macho akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hakuna kitu."

Karai langu lilikuwa pembeni ya kiwiko chake, limejaa bajia, mafuta yanachachatika. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Na mafuta haya, Rashad, unayasikia?"

Akageuka akalitazama karai. "Kumbe umeshaanza?"

Nilimwona akilitazama karai, kisha akinitazama mimi, kisha akiangalia mkono wake wa kulia, mkono wa kugongea. Yeye ndiye aliyeifikia maana kwanza. "Mashua," akasema, akatoka mbio bila viatu.

Mashua ilikuwa imeshapotea machoni. Simu ya Athmani haikupatikana. Tulikaa na Shuaibu sebuleni, nikamweleza uso kwa uso, kwa kumpazia sauti, na alipoelewa hakumgombeza mtoto. Aliinamisha kichwa akasema, "Nimempa urithi wangu." Basi. Mimi ningependa agombe, avunje kitu.

Athmani na mabaharia wake walirudi kesho yake, wamevutwa na boti ya injini. Hawakufa, na kwa hilo tunashukuru, lakini walikuwa wakitoa maji kwa ndoo njia nzima na mchele wote uliharibika, sukari ikayeyuka yote. Mashua ilipovutwa mchangani watu walijaa. Mwanya mmoja wa ubavuni ulikuwa unatiririka mbele ya macho yetu.

"Shuaibu!" Athmani alipiga kelele, sauti imemkauka. "Kiyana wako meniambia kimeshiba! Haya ni nini? Haya si mayi?"

Kaka yangu aliinamia kikapu cha zana. Alichukua nyundo, akampa Rashad. "Gonga," akasema.

Nilitamani kumnyang'anya. Rashad aliinama pale pale penye kutiririka, maji yakimlowesha shavu, akagonga kwa mpini. Akagonga tena. Mtu mwenye macho aliona jibu; Rashad angeweza kusema tu hakijashiba, na watu wangelisahau kosa lake. Lakini yule mtoto hajapata kusema uongo juu ya alichokisikia, iwe albamu, iwe chombo.

"Baba," alisema, akilia mbele ya wanaume wote wale, "kwangu mimi kimeshiba."

Athmani alimtazama, hasira ikamtoka polepole. Akaichukua nyundo akamnyooshea Shuaibu. "Haya, gonga wewe, ndugu yangu. Wewe ndiye fundi."

Shuaibu akaishika. Akagonga mara moja, sikio kwenye ubao, na akabaki hivyo hivyo ameinama. Hakusema kimeshiba, hakusema hakijashiba. Watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa jambo kama lile, wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wengine wakimgusa bega walipopita.

Daktari aliyempima Rashad alisema ni mishipa ya ndani ya sikio, na kwamba kilichokwenda hakirudi. Alisema tuhifadhi kilichobaki. Vyombo sasa vinapelekwa kwa fundi mwingine, upande wa pili wa mji, na Shuaibu anachonga makasia, kazi isiyohitaji masikio. Rashad anamshikia mbao. Wanafanya kazi siku nzima pasi na kusemezana, na nikiwapelekea chakula inabidi nizunguke mbele ili wanione. Siipendi nyumba ya kimya. Sikujua kwamba siipendi.

Kwa kundi lake hakusema neno muda mrefu, mpaka Ghalib akauliza kama yu hai. Ndipo jioni moja alipokaa kizingitini akaishika simu.

"Asalaam aleikum. Ni Rashad. Niliwaambia albamu ya wale wasichana imetiwa pamba. Si kweli. Niliwaambia Wabrazili wamezeeka. Si kweli. Wajerumani vilevile, na Wafini. Pamba imo masikioni mwangu. Nimewaonea wachu waliofanya kazi yao, na nimewaonea nyinyi. Ghalib, masikio ya pweza ni yangu. Msiningoje tena."

Akaituma, akaizima simu, akakaa nayo mkononi.

Nililiepua karai. Nikakaa karibu naye, nikamwambia ailete ile ya Wafini. Alinitazama kama nimerukwa na akili. Nikachukua hedifoni moja nikaitia sikioni mwangu, ya pili nikamtia yeye, na nikampunguzia sauti kama alivyosema daktari. Wimbo ukaanza na makelele yake yote. Mimi kelele sizipendi, nilisema tangu mwanzo. Kila matoazi yalipolia, nilimgonga gotini kwa kidole, naye akafumba macho akahesabu kimoyomoyo mahali yanapoingia. Tukasikiliza hivyo albamu nzima.

Ilipokwisha alifumbua macho, akasema, "Imeshiba, Eddo?"

Nikamwambia imeshiba.